Uzoefu wangu wa kununua chapa ya Georg Baselitz nikiwa Moshi

Kwa mkazi wa Moshi, kumiliki picha ya Georg Baselitz, mchoraji wa Ujerumani, iliyochorwa kwa rangi za mafuta ni jambo lisilofikirika, kwa kuwa picha hizo huuzwa hadi mamilioni ya dola na nyingi zimekwishaingia katika makumbusho. Chapa zake za mkono, yaani picha zilizochapwa kwenye karatasi kutoka kwenye bamba alilolichora mwenyewe, ni habari nyingine. Niliagiza moja, mchoro wa tai uliochapwa kutoka kwenye bamba la shaba, kwa muuzaji wa chapa aliyeko Ujerumani, na bei yake haikufikia nauli ya ndege ya kwenda huko na kurudi. Ninaandika tathmini hii kwa sababu karibu kila anayeingia sebuleni kwangu huuliza kama ni bango tu, na kwa nini tai huyo yuko miguu juu, kichwa chini.

Nianze na hilo la pili, maana asiyelielewa atakuwa ananunua jina tu. Baselitz alizaliwa mwaka 1938 katika kijiji cha Deutschbaselitz, Saxony, akiitwa Hans-Georg Kern. Jina la kijiji alilichukua kuwa lake mwaka 1961, baada ya kufukuzwa chuo cha sanaa cha Berlin Mashariki na kuhamia upande wa Magharibi. Katika maonyesho yake ya mwaka 1963 huko Berlin Magharibi, picha zake mbili zilikamatwa na mamlaka kwa madai ya kukiuka maadili. Wengi humweka katika ukoo wa ekspreshonizimu, yaani uchoraji unaotanguliza nguvu ya hisia kuliko kufanana na kitu chenyewe, ambao nchini Ujerumani ulipata msukumo mkubwa kutoka kwa kundi la Die Brücke lililoanzishwa Dresden mwaka 1905. Vijana wale wa Dresden walichonga mbao na kuzichapa kwa wino mzito, na walivutiwa sana na vinyago vya Afrika na vya visiwa vya Pasifiki. Baselitz naye amekuwa mkusanyaji wa sanamu za Afrika, na sanamu zake mwenyewe za mbao huzikata kwa shoka na msumeno wa mashine bila kuficha jeraha la chombo. Mtu aliyewahi kusimama mbele ya kinyago cha shetani cha Kimakonde katika maduka ya Arusha hatashangazwa sana na kazi hizo.

Kugeuza picha alikuanza mwaka 1969. Hachori picha wima kisha akaipindua. Huichora ikiwa imepinduka tangu mwanzo. Matokeo yake ni kwamba jicho linachelewa kusema "huyu ni tai," na katika kuchelewa huko linalazimika kutazama mistari yenyewe, uzito wake na nafasi tupu iliyoachwa. Katika chapa yangu mbawa ni mikwaruzo mifupi iliyorundikana, mingine imekatika ghafla kana kwamba sindano iliteleza, na mahali mikwaruzo ilipokaribiana sana wino umeungana ukawa doa jeusi lenye kingo laini. Kichwa, ambacho mchoraji mwingine angekipa kila kitu, kiko chini karibu na ukingo na kimepewa mistari michache tu. Nimeitazama kwa muda mrefu na sijaichoka, jambo ambalo siwezi kulisema kuhusu picha nyingi nzuri zaidi kwa macho.

Sasa kuhusu uhalisi. Chapa ya aina hii si nakala ya picha nyingine. Mchoraji hupaka bamba nta, akachora kwa sindano mpaka shaba ionekane, kisha asidi ikala mistari hiyo. Wino hujazwa ndani yake, uso wa bamba ukafutwa, na karatasi iliyoloweshwa kidogo ikagandamizwa juu yake kwa mashine. Kila karatasi inayotoka ni kazi asilia, nayo huja ikiwa imegeuka kushoto kulia, kwa hiyo tai wangu amepinduka na kugeuka pia. Ushahidi uko kwenye karatasi: ukipitisha kidole pembezoni utahisi bonde dogo lililoachwa na kingo za bamba, na ukiitazama kwa lenzi hutaona vitone vya mashine ya ofisini bali wino ulioinuka kidogo juu ya uso. Chini kuna sahihi ya penseli na namba ya toleo. 12/50, kwa mfano, maana yake ni karatasi ya 12 katika toleo la karatasi 50. Herufi e.a. huonyesha nakala za msanii mwenyewe, ambazo huwa nje ya hesabu hiyo.

Muuzaji wangu alifanya vizuri katika mambo niliyoyaona ya maana. Alitaja namba ya Jahn, yaani namba ya chapa katika orodha ambayo Fred Jahn aliiandaa kwa chapa za awali za Baselitz, akatoa kipimo cha bamba na cha karatasi kila kimoja peke yake, na nilipoomba picha ya upande wa nyuma ikiwa imemulikwa kwa taa ya ubavuni alinitumia bila kusita. Asiyekubali kupiga picha ya nyuma ya karatasi, usimnunulie. Kilichoniudhi ni ufungaji. Niliomba isafirishwe ikiwa imelazwa kati ya kadibodi mbili, naye akaikunja ndani ya bomba. Karatasi nzito ya kuchapia haipendi kukunjwa hivyo, na ilichukua muda mrefu chini ya uzito mwepesi kabla ya kutulia.

Forodha haikuwa ngumu kama nilivyohofia, ila ankara ndiyo iliyobeba kila kitu. Mwombeni muuzaji aandike kwamba ni chapa asilia iliyosainiwa na aweke fungu la 9702, ambalo ndilo la michoro asilia iliyochapwa. Picha za kuchapwa kiwandani ziko katika fungu la 4911, na mzigo usiokuwa na maelezo unaweza kuwekwa huko kwa urahisi.

Fremu niliitengenezea Arusha, karibu na Barabara ya Sokoine. Fundi ni hodari wa mbao, lakini ilibidi nisimame naye: hakuna selotepu, hakuna gundi ya kawaida nyuma ya karatasi, bali vipande viwili vya karatasi nyembamba ya Kijapani vilivyobandikwa kwa gundi ya wanga upande wa juu tu, juu ya kadibodi isiyo na asidi, na kioo kisiguse wino. Niliporudi kuichukua nilikuta waya wa kutundikia umefungwa upande wa chini, kwa kuwa aliona ni huruma kumwacha ndege katika hali ile. Nilimwonyesha sahihi, ambayo ndiyo inayoamua chini ni wapi, akarekebisha papo hapo. Hapa Moshi nimeitundika kwenye ukuta wa ndani, mbali na dirisha, kwa sababu unyevu wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, huleta ukungu na madoa ya kahawia kwenye karatasi inayogusa ukuta wa nje.

Ninaipendekeza njia hii kwa yeyote anayependa kazi ya mchoraji mkubwa na yuko tayari kusoma kabla ya kulipa. Nimekwisha kumwandikia muuzaji yuleyule kuhusu chapa ya lino, yaani iliyochapwa kutoka kwenye kipande cha linoleamu kilichochongwa, maana mwishoni mwa miaka ya 1970 Baselitz alikata lino kubwa ajabu, na sharti langu la kwanza safari hii ni kwamba isafirishwe ikiwa imelazwa.