Kampuni ya kusimamia makazi wakati wa UVIKO-19: nyumba ilitunzwa vizuri kuliko waliomo

Shirika la Afya Duniani lilipotangaza, tarehe 11 Machi 2020, kwamba UVIKO-19 umekuwa janga la dunia, familia yetu ilikuwa tayari imekabidhi nyumba zake mbili kwa kampuni inayoajiri na kusimamia wafanyakazi wa nyumbani. Katika nyumba ya kwanza anaishi mama yangu, ambaye ni mzee. Ya pili huitumia wanafamilia nyakati za likizo tu. Walikuwapo mpishi, wasafishaji wawili, dereva, mlinzi na mtunza bustani, wote chini ya msimamizi mmoja. Niliendelea na huduma hiyo hadi baada ya hali ya dharura kuondolewa tarehe 5 Mei 2023, kwa hiyo nimeiona katika raha na katika shida.

Sifa ya kwanza ni ya msimamizi. Kazi yake ya awali ilikuwa ratiba, manunuzi, mafundi na hesabu. Katika muda wa wiki mbili akalazimika kujifunza mambo ya afya pia. Aliwapanga wafanyakazi wa ndani katika zamu mbili za siku 14, muda ambao dalili za ugonjwa huweza kuchukua kujitokeza baada ya mtu kuambukizwa, na zamu hizo hazikukutana: moja iliondoka asubuhi, madirisha yakafunguliwa na vyumba vikasafishwa, nyingine ikaingia jioni. Dereva, ambaye safari zake zilikuwa zimekwisha, alifundishwa kupika chakula cha mama katika zamu isiyo na mpishi. Waliokuwa nje walilipwa mshahara kamili, jambo ambalo kwangu lilikuwa kinga kubwa kuliko barakoa, kwa sababu asiye na mshahara atatafuta kibarua popote, hata akijua hatari yake.

Mafunzo ya usafi nayo yalikuwa ya kiwango cha juu. Wasafishaji walielezwa kwamba sehemu huoshwa kwanza kwa sabuni, kwa kuwa uchafu huipunguzia klorini nguvu, kisha hupakwa maji yenye klorini ya asilimia 0.1 na kuachwa kwa muda kabla ya kufutwa. Walikatazwa kabisa kuchanganya klorini na dawa za choo zenye asidi au zile zenye amonia, maana mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu. Mmoja wao alikuwa akikohoa kila alipomaliza kusafisha bafu, na sisi tulidhani ni mafua. Baada ya mafunzo hayo kikohozi kilikoma.

Nyumba iliyofungwa pia haikutelekezwa. Kila wiki mabomba yote yalifunguliwa, kwani maji yanayotuama katika joto la nyuzi 20 hadi 45 ni mazalio ya Legionella, bakteria wanaoleta ugonjwa mkali wa mapafu, na tangi la maji ya moto lilidumishwa kwenye nyuzi 60. Hesabu zilifika kila mwezi bila kasoro.

Kasoro ilikuwa upande wa watu. Amri ya kutotoka ilipozuia zamu ya pili kuingia, mpishi na msafishaji aliyekuwa naye walikaa kwa mama wiki tisa mfululizo. Katika daftari la kampuni wiki hizo ziliandikwa kama zamu ya kawaida, bila siku ya mapumziko, eti kwa sababu walikuwa wanalala hapohapo. Mkataba wa Kimataifa namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2011, unataka mfanyakazi wa nyumbani apate angalau saa 24 mfululizo za mapumziko kila wiki, na kulala kazini hakumwondolei haki hiyo. Kutoka nje hakukuwezekana, nakubali. Lakini siku moja ya kubaki chumbani bila kuitwa iliwezekana kabisa, na kazi za siku hiyo zingeweza kupunguzwa. Mimi mwenyewe sikuuliza hadi wiki ya sita, na hilo linaniuma hadi leo.

La pili lilinikera zaidi. Mtunza bustani wa nyumba iliyofungwa alisimamishwa bila malipo kwa miezi miwili, ilhali mimi nilikuwa nalipa ada yote, na mshahara wake ukiwamo. Nililisikia kutoka kwake. Kampuni ilijibu kwamba kanuni zake zinaruhusu. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 2021 kwamba wafanyakazi wa nyumbani ni milioni 75.6 duniani, na kwamba zaidi ya wanane kati ya kumi wako katika ajira isiyo rasmi. Mtu hulipa ada ya kampuni akiamini kwamba anamtoa mtu mmoja katika kundi hilo, wala si kumrudisha humo siku mambo yanapoharibika. Fedha zake zilirejeshwa baada ya mimi kugoma kulipa ada ya mwezi uliofuata.

Wakati wa kuhuisha mkataba niliomba vifungu vitatu: siku ya mapumziko ihesabiwe hata kwa anayelala kazini, mfanyakazi asisimamishwe bila mteja kuarifiwa, na mshahara uendelee nyumba inapofungwa kwa amri. Viwili vya kwanza vilikubaliwa, cha tatu bado wanakijadili. Nimesaini kwa mwaka mmoja badala ya mitatu, na mshahara wa mtunza bustani sasa naulipa mwenyewe, mkononi mwake.