TIG ya mkono na TIG ya tundu la ufunguo: nimezitumia zote mbili, uzoefu wangu ni huu

Nachomelea stenlesi hapa Mbeya kwa TIG, yaani kwa moto wa umeme unaotoka kwenye sindano ya tungsteni (chuma kisichoyeyuka kirahisi), huku gesi ya argoni ikikinga uji wa chuma. Kazi zangu nyingi zinatoka Rungwe, Mbozi na Mufindi: matangi ya maziwa, mabeseni ya kuoshea parachichi, mabomba ya viwanda vya chai. Kabla ya kurudi nyumbani niliajiriwa kwenye karakana ya matangi Afrika Kusini, na huko ndiko nilikoijua TIG ya tundu la ufunguo. Mafundi wenzangu wakishaona video zake wananiuliza kama tuanze kuchanga pesa za kuinunua. Mimi huwauliza kwanza: bati lako lina milimita ngapi?

TIG yetu ya mkono inayeyusha uso wa bati, joto linashuka chini polepole. Hiyo nyingine inakula umeme mwingi mno, kuanzia kama ampea 300 mpaka karibu 1,000, kupitia sindano nene ya tungsteni kwenye tochi inayopozwa kwa maji. Msukumo wa moto wenyewe unatenga uji wa chuma pembeni hadi bati linatoboka kabisa. Tochi ikisonga mbele, uji unalizunguka tundu na kujifunga nyuma yake. Mbinu hii ilibuniwa Australia, kwenye taasisi ya utafiti ya CSIRO, miaka ya 1990.

Kwenye bati nene sijaona mfano wake. Chukua stenlesi ya milimita 12. Kwa mkono unashinda na grenda ukikata kingo mshazari zikae umbo la V, unapiga mzizi (pito la kwanza la chini), unasubiri lipoe, unajaza, unasubiri tena, unajaza. Mapito sita, hata manane, na kila pito linavuta bati upande wake. Kwa tundu hukati V wala huachi mwanya. Unazikutanisha kingo zilizonyooka, unabonyeza kitufe, na tochi inatembea kama milimita 300 kwa dakika. Pito moja, imekwisha. Waya wa kujazia unatumika kidogo sana au hautumiki kabisa.

Kitu kimoja cha kuangalia pale ni upande wa chini wa bati. Mwali wa bluu unachomoza kwenye tundu na kutembea na mshono. Ukiwa thabiti, kazi inakwenda. Ukikatika, tundu limejifunga na kuanzia hapo hujapenya, hata kama juu panang'aa vizuri. Ndiyo maana mtu wa mashine ile hashiki tochi lakini haondoi macho.

Ila haitaki ubabaishaji. Kingo zikipishana au zikiacha mwanya, uji unaanguka. Kazi inataka ilale bapa, na bomba lazima lizungushwe chini ya tochi iliyosimama. Aluminiamu na shaba haiziwezi: joto linasambaa haraka, uji unapanuka mpaka unashindwa kujishikilia na kudondoka. Stenlesi na titani ndizo zake, kwa sababu zinapitisha joto taratibu.

Sasa turudi huku kwetu. Tangi la maziwa linaloletwa kwangu lina bati la milimita 1.5 mpaka 3, na ufa uko kwenye kona ya bomba la kutolea, pale mkono wenyewe unaingia kwa shida. Hapo mashine ya mamilioni haina kazi. Inverta yangu (mashine ndogo ya kuchomelea) ya ampea 200, ambayo bei yake haifiki bodaboda mpya, naichomeka kwenye umeme wa fezi moja kijijini na naendelea. TIG ya tundu bila fezi tatu usiitaje. Na kwa jinsi umeme unavyoshuka jioni sehemu nyingi za huku, hata hiyo inverta ndogo mara nyingine inalalamika.

Gesi nayo ni gharama isiyosemwa. Rungwe kunavunwa kaboni daioksaidi kutoka ardhini, na kuna vijana wananiuliza kwa nini nisitumie hiyo iliyo jirani. Haifai kwa TIG yoyote ile, itaiunguza tungsteni na kuchafua mshono. Tunahitaji argoni, na mtungi wangu unapanda lori kutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800. Kwa hiyo kila lita naiheshimu. Julai na Agosti upepo ukianza kuvuma, nafunga turubai kwanza ndipo nawasha.

Na hapa nawasihi mafundi, hasa wa vyombo vya chakula: njia zote mbili zinataka argoni nyuma ya mshono pia. Usipoiweka, upande wa ndani unaota chembe nyeusi ngumu, zile tunazoziita sukari. Ukipitisha kidole zinakwaruza. Maziwa yanaganda humo, brashi haifiki, na mwenye ng'ombe atarudishiwa maziwa yake kila wiki bila kujua tatizo ni fundi. Mimi naziba ndani kwa karatasi na gundi ya bati, najaza argoni, nasubiri hewa itoke, ndipo napiga. Mteja akikataa kulipia gesi hiyo ya pili, kazi siichukui.

Kama kuna mtu Iringa au Njombe ana oda za matangi mapya makubwa, bati la milimita 6 kwenda juu, mishono mirefu iliyonyooka na inayofanana, basi TIG ya tundu aifikirie kwa uzito. Ajue anahitaji pia fezi tatu, mashine ya kuzungushia tangi na mtambo wa kukata kingo za bati zinyooke kwelikweli, maana bila huo atachukia mashine bure. Kwa ukarabati na mabati membamba, yaani karibu kila kitu kinachoingia kwangu, nabaki na tochi ya mkono, sindano ya milimita 1.6 na regyuleta (vidhibiti vya gesi) mbili nzuri.