Katriji ya koili, katriji ya sumaku, na yule kijana wa dukani

Aliyeniuzia katriji ya koili (katriji ni kile kichwa kidogo cha pleya chenye sindano ya kusomea santuri) alipitisha kidole gumba juu ya sindano. Kidole gumba jamani! Kavukavu, mbele ya macho yangu, kama mtu anafuta kioo cha simu, halafu akaniambia "mzee hii haina shida, shida ni hizo santuri zako za kizamani". Nimekaa na hasira hii tangu kipindi cha mvua, leo naitoa yote.

Mimi nina santuri za marehemu mjomba, nyingi ni zile ndogo za 45 (zinazunguka mara 45 kwa dakika), kina Mbaraka Mwinshehe, Simba Wanyika, na taarab za Mombasa, zimepigwa baa na harusini mpaka zimechoka. Siku zote nilikuwa nazipiga na katriji ya sumaku, Audio-Technica VM95 yenye ncha ya duara, ile ya bei ya chini, na wala sikuwa na malalamiko. Ila watu hawaishi maneno, ooh hujasikia santuri mpaka uisikie kwa koili, koili, koili. Basi nikaingia duka moja mjini, lina AC na sofa, nikatoka na Denon DL-103 na pochi imekonda.

Alichonificha (au hakijui, na sijui kipi kibaya zaidi) ni kwamba amplifaya yangu haiiwezi. Kwenye katriji ya sumaku, sindano inatikisa kisumaku na koili zimetulia kwenye mwili. Hii nyingine ni kinyume, koili ndo zimebebwa na kijiti cha sindano, kwa hiyo lazima ziwe nyepesi, waya kidogo tu, na umeme unaotoka ni kiduchu, milivolti 0.3 wakati VM95 inatoa 3.5. Tundu la fono nililonalo, pale unapochomeka pleya kwenye amplifaya, ni la sumaku peke yake. Nikachomeka, sauti ipo mbali huko, nikipandisha volyumu unapanda na mvumo, uuuuuu, gitaa la solo lote limefunikwa. Nikampigia simu nikamwambia kijana mbona hivi, akanijibu "ongeza volyumu mzee wangu". Ukitaka ipige sawasawa inabidi ununue transfoma ya kupandishia huo umeme au priampu ya koili (kiamplifaya kidogo cha kutangulia), hela nyingine hiyo, na neno hilo hakulitamka hata mara moja wakati ananihesabia chenji.

Nikairudisha dukani ndo akafanya hicho kitendo chake cha kidole.

Kutoka hapo upande wa kushoto unakwaruza. Fundi wangu Kariakoo akaweka lenzi, akanyamaza, akanipa na mimi nichungulie, nikaona kijiti kimelala upande kabisa. Sasa ingekuwa ile ya sumaku ningeichomoa sindano kwa vidole, nikachomeka mpya, maisha yanaendelea. Ya koili haichomoki! Ni mpaka uitume nje kwa mtu anayebadilisha ncha, au urudishe katriji nzima wakupe nyingine na wewe uongeze hela. Hili ndo watu wa koili hawakwambii, wao ni utamu tu, utamu tu.

Na si hilo tu. Nina taarab chache za 78, zile nzito zinazovunjika ukizitazama vibaya, nikamuuliza nitumie sindano gani, akasema "sindano ni sindano mzee". Ati sindano ni sindano! Mfereji wa 78 ni mpana, unataka ncha ya kama 3 mil (mil ni elfu moja ya inchi), hizi za kawaida ni kama 0.7, ukiilazimisha inakwenda kuserereka chini huko kwenye uchafu na unasikia mchanga mtupu. VM95 wana sindano yao ya 78, unabadilisha sindano tu, mwili uleule. Hata ile yenye ncha ya yai niliijaribu kwenye mwili huohuo, matoazi yanang'aa zaidi, na santuri nyingine zilizochoka zikasikika safi kidogo maana inagusa sehemu ambayo sindano za zamani hazikuila, japo nyingine ndo zikazidi kukwaruza. Vile vipleya vya mkoba wa kubeba vyenye katriji ya seramiki mimi hata sivijadili, vinakandamiza gramu tano na ushee, santuri za mjomba wangu haziguswi na kitu kile.

Kwa hiyo nawaambia msinunue koili. Sasa subirini.

Rafiki yangu yuko Upanga, anayo DL-103 hiihii na transfoma yake imefungwa vizuri, akaniwekea 45 yangu mwenyewe. Jamani. Sitaki kusema lakini nasema, nilisikia mpiga besi anavyoachia uzi, na mwimbaji kasimama mbele yangu. Na ncha yake nayo ni ya duara kama ya VM95, kwa hiyo usiniambie ni umbo la ncha. Tuliporudisha VM95, wimbo uleule ulikuwa safi ila umelala. Hapo ndo nikakasirika upya, maana kumbe hiki ndo nilicholipia na sijawahi kukisikia nyumbani kwangu!

Basi sijui niwashauri nini. Kama huna transfoma kaa na sumaku yako kwa amani. Mimi nimeshaanza kuulizia bei ya transfoma, na katriji nitaituma ikanyooshwe kijiti huko nje, gharama nitajua mbele. Duka lile sikanyagi tena hata wauze kwa nusu bei. Au nusu bei ningefikiria, lakini yule kijana asinishikie mzigo.