Kingdom Hearts HD 1.5 + 2.5 ReMIX: uzoefu wangu na kifurushi kilichoikusanya hadithi iliyotawanyika

Kwa mtu aliyeupenda mfululizo wa gemu wa Kingdom Hearts tangu mwanzo, kuifuata hadithi yake ilikuwa kazi ya kuhamahama. Gemu ya kwanza ilitoka 2002 kwenye PlayStation 2. Mwendelezo wake, Chain of Memories, ukatokea 2004 kwenye Game Boy Advance. Kingdom Hearts II ikarudi PlayStation 2 mwishoni mwa 2005 huko Japani, nchi nyingine zikaipata 2006. Kisha 358/2 Days ikaenda Nintendo DS mwaka 2009, na Birth by Sleep ikaenda PSP mwaka 2010. Na msidhani hizo za kwenye mashine ndogo ni hadithi za pembeni. Ukiruka Chain of Memories, unafungua Kingdom Hearts II na kujikuta unamchezesha kijana anayeitwa Roxas ambaye hujawahi kumsikia, huku Sora, shujaa uliyemzoea, kalala usingizi na hujui nani kamlaza wala kwa nini.

Hapo ndipo kifurushi hiki kinapojilipa. Toleo ninalocheza ni la PlayStation 4, lililotoka Machi 2017. Limeunganisha vifurushi viwili vya PlayStation 3: 1.5 cha mwaka 2013 na 2.5 cha 2014. Ndani yake mna gemu nne za kucheza kikamilifu: Kingdom Hearts Final Mix, Re:Chain of Memories, Kingdom Hearts II Final Mix na Birth by Sleep Final Mix. Mbili zilizobaki, 358/2 Days na Re:coded, zimegeuzwa filamu za kutazama tu. Nitazirudia hizo, maana nina neno nazo.

Majina ni ya kuchanganya, sikatai. Mgeni akiona 1.5 na 2.5 hudhani ni gemu mpya zilizo katikati ya ile ya kwanza na ya pili, kumbe ni majina ya vifurushi tu.

Gemu ya kwanza imenigusa zaidi nilipojua ilivyorudishwa. Faili za asili zilizotumika kuitengeneza zilikuwa zimepotea, kwa hiyo watengenezaji walilazimika kuichimbua gemu yenyewe iliyokuwa sokoni na kujenga upya sehemu kubwa ya vitu vyake. Unapoona nywele za Sora na kingo za majengo ya Traverse Town, mji mmojawapo wa gemu hiyo, zikiwa safi kwenye skrini kubwa, jua hapo watu walifanya kazi ya mikono. Kwenye PlayStation 4 inakwenda fremu 60 kwa sekunde, na kwenye mapigano tofauti hiyo unaihisi vidoleni: unabonyeza kukwepa, Sora anakwepa palepale.

Lakini kilichonifurahisha kuliko picha ni mambo mawili yasiyotangazwa sana. La kwanza ni kamera. Zamani uliizungusha kwa vitufe vya mabegani, na ukizungukwa na maadui ilikuwa shida tupu. Sasa ipo kwenye kijiti cha kulia kama gemu zote za siku hizi. La pili ni kuruka video. Walioicheza ile ya 2002 nje ya Japani wanakumbuka pambano na Riku, rafiki wa Sora aliyegeuka adui, kule kwenye ngome ya Hollow Bastion. Huyu bosi ana kasi na anapiga kwa hasira, na kila ukishindwa ulitazama mazungumzo yote upya, neno kwa neno, kabla ya kuruhusiwa kujaribu tena. Sasa unasimamisha, unaruka, unarudi vitani. Pambano ni gumu vilevile, ila adhabu ya kusubiri imeondoka.

Halafu kuna hili neno Final Mix. Yalikuwa matoleo yaliyoongezwa vitu, na kwa miaka mingi yaliuzwa Japani peke yake. Kingdom Hearts II Final Mix ilitoka kule 2007, sisi wengine tukaipata kihalali 2014 kupitia 2.5. Miaka saba! Na si nyongeza za kupamba. Katika toleo la kawaida, Sora na Roxas wanakabiliana kwenye video fupi tu. Katika Final Mix unapigana naye mwenyewe. Roxas ana Keyblade mbili, zile silaha zenye umbo la ufunguo, moja kila mkono, na kwa kuwa saa za mwanzo wa gemu uliishi ukiwa yeye, kila pigo linauma kwa namna yake. Nikiulizwa sababu moja ya kununua kifurushi hiki, ni pambano hilo. Kwa wanaotafuta ugumu, kuna kiwango cha Critical na wanachama wote wa Organization XIII, kundi la maadui wa gemu hiyo, wa kurudia kupigana nao wakiwa wakali kuliko mara ya kwanza. Muziki wa Yoko Shimomura nao umerekodiwa upya kwa kiasi kikubwa, kwa ala halisi.

Re:Chain of Memories si ya kila mtu. Unapigana kwa kadi zenye namba, kubwa inaivunja ndogo, na sifuri ukiitoa kwa wakati wake inaivunja yoyote. Mimi nimeipenda. Rafiki zangu wengi hawaiwezi, na siwalaumu.

Sasa zile filamu. Re:coded hainiumizi, hadithi yake inabebeka kwa kutazamwa. 358/2 Days ndiyo inayoniuma. Kwenye DS ilikuwa gemu ya siku baada ya siku: unatumwa kazi, unaifanya, unarudi, Roxas, Axel na Xion wanakaa juu ya mnara wa saa kula aiskrimu ya chumvi ya baharini. Uchovu wa zile kazi ndio uliokifanya kile kikao cha jioni kiwe na uzito. Ukiondoa kazi ukabakiza vikao, karibu saa tatu za watu kula aiskrimu na kuzungumza, mtazamaji mpya anashindwa kuelewa kwa nini wengine tunalia kwa ajili ya Xion. Hii ilistahili kutengenezwa upya yote, ichezwe.

Kabla ya kununua, angalia mashine yako. Mbali na PlayStation, kipo kwenye Xbox One na kwenye kompyuta, na tangu Juni 2024 kipo Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta. Ya Nintendo Switch ni ya kutiririshwa mtandaoni, gemu haikai ndani ya mashine, kwa hiyo intaneti ikiyumba na mchezo unayumba.

Na cheza kwa mpangilio zilivyotoka. Usishawishike kuanza na Birth by Sleep eti kwa sababu matukio yake yalitokea miaka kumi kabla ya safari ya Sora. Mashujaa wake, Terra, Ventus na Aqua, wanaumiza moyo pale tu unapojua tayari yaliyokuja baada yao. Ukimaliza yote, tafuta HD 2.8, maana Dream Drop Distance iliyomo humo ndiyo inayokupeleka kwenye Kingdom Hearts III ya 2019, na hiyo haimo kwenye kifurushi hiki.