Ziara ya bayolojia hifadhini: mafuvu yalifundisha kuliko simba

Mwezi uliopita niliwapeleka wanafunzi wangu 38 wa bayolojia kwenye hifadhi ya wanyama, tukalipia ile ziara ya shule ya muda wa saa tatu yenye mwongozaji. Kwa mwongozaji, sina la kulalamika hata moja.

Alianzia mezani, penye mafuvu mawili: la pundamilia na la fisi. Badala ya kuhutubia, alimpa msichana mmoja fuvu la pundamilia, akamwambia afumbe macho na apitishe kidole taratibu kuanzia meno ya mbele. Kidole kikatumbukia kwenye pengo, kisha kikapanda kwenye magego mapana yenye matutamatuta kama tupa. Akampa na la fisi. Hapo alishtuka: magego ya pembeni yana makali, na taya likifungwa yanapishana kama mkasi. Binti huyu darasani husema kwa nadra, lakini ndiye aliyewaeleza wenzake nani anasaga na nani anakata. Mimi meno hayo nimeyachora ubaoni miaka nenda miaka rudi.

Njiani tukasimama kwenye kinyesi cha tembo. Alikipasua kwa kijiti, tukaona nyuzi za majani, vipande vya magome, mbegu nzimanzima. Tembo hacheui, na chini ya nusu ya anachokula ndicho kinachomeng'enywa. Mvulana mmoja akauliza, mbona cha ng'ombe ni laini? Tukasimama palepale robo saa tukizungumzia tumbo lenye vyumba vinne. Kwa twiga, waliposikia kwamba shingo ile ina pingili saba tu kama ya binadamu, wote walianza kujipapasa shingo.

Kilichoniudhi ni saa ya mwisho. Dereva alipata habari za simba, akageuza gari bila kutuuliza. Tulikaa dakika 40 tukitazama migongo ya simba waliolala, na kituo cha bwawani, kilichomo kwenye ratiba niliyopewa, kikafutwa. Nyavu za kuchotea wadudu wa majini zilirudi zikiwa kavu. Darubini nazo zilikuwa nne tu; ukiweza kuazima zako, beba.

Muhula ujao nina kundi jingine. Nimeshamwomba mwongozaji yuleyule, na nimeandika kwenye fomu kwamba bwawa litangulie, simba wafuate muda ukibaki.