HD 600, DT 990 na HE400se: ipi na amplifaya ipi, na stirio ya baba sebuleni

Asalaam alaykum jamani, karibuni tena. Niko chumbani kwangu Kikwajuni, saa sita za usiku, feni nimeizima na jasho linanichuruzika, na sababu ya kuizima mtaiona sasa hivi. Leo ni hedifoni za mgongo wazi. Ziko tatu hapa mezani: Sennheiser HD 600, Beyerdynamic DT 990 Pro ile ya omu 250 (omu ni kipimo cha jinsi hedifoni inavyouzuia umeme), na HiFiMan HE400se. Mmeniandikia sana, khasa ndugu zangu wa Wete na Chake, mnauliza jambo lile lile: hedifoni ya omu 300 itapiga kwenye simu, au lazima mtu anunue amplifaya? Tutafika huko. Kwanza kuna kitu lazima nikuonesheni, maana tangu jana nakirudia peke yangu humu ndani kama mtoto aliyepewa kitu cha Sikukuu.

Haya, nimevaa HD 600. Tazameni hapa nyuma ya kikombe. Hakuna plastiki, ni wavu wa chuma mtupu. Namulika kwa tochi ya simu, mnaiona dreva, ile spika ndogo, mle ndani? Inaonekana kabisa. Sasa nafungua taarab, inaanza qanun, kile chombo cha nyuzi nyingi, peke yake, bado hapajaimbwa. Qanun iko huku kushoto, mbele kidogo ya uso wangu, kama mtu kakaa kwenye lile kochi pale. Sasa nanyanyua viganja, naviweka nyuma ya vikombe. Sijagusa, nimeacha nafasi ya kidole. Nasogeza... nasogeza... nafunika.

Loo! Wallahi imeingia kichwani. Qanun ile iliyokuwa kwenye kochi sasa iko katikati ya masikio yangu, nene, kama inapigiwa ndani ya sufuria. Natoa viganja, imerudi kwenye kochi. Nafunika, sufuria. Natoa, kochi. Hakuna nilichobadilisha, rekodi ni ile ile na voliumu ile ile.

Sababu yake ni hii. Kiwambo cha dreva kinasukuma hewa pande mbili, mbele kwenye sikio na nyuma. Hedifoni ya kufungwa, ile hewa ya nyuma inagonga ukuta wa kikombe na kurudi, na sikio linasikia sauti pamoja na marudio yake. Ya mgongo wazi inaiacha itoke iende zake. Sennheiser ndio waliolianza jambo hili mwaka 1968 kwa HD 414, ile yenye sponji za njano, na mpaka leo kanuni haijabadilika.

Na mie jambo hili linanigusa kwa sababu nimekulia kwenye mazoezi ya taarab. Baba akipiga fidla. Sie watoto tukikaa chini kwenye mkeka, karibu na lile besi kubwa la kusimama, fidla zimepangwa mbele, qanun na akodiani pale, dumbak na rika, zile ngoma ndogo za mkono, nyuma. Kila chombo nilikuwa najua kimekaa wapi hata nikifumba macho. Hedifoni za kufungwa zote nilizowahi kuwa nazo zilinirundikia wale watu wote kwenye paji la uso. Hii ni mara ya kwanza nimevaa kitu nikasikia watu wamekaa mahali pao. Nikasikia mpiga rika yuko nyuma ya mpiga udi. Nyuma yake khasa!

Sasa ubaya wake, na ndio sababu feni imezimwa. Wavu unaotoa sauti nje ndio huo huo unaoleta ya nje ndani. Feni ya dari ikizunguka unaisikia yote. Bodaboda ikipita chini, imepita ndani ya wimbo. Na wa nje naye anakusikia. Naweka maikrofoni hapa karibu na kikombe, sikilizeni... mnausikia wimbo mzima? Kwa hivyo usiende nazo kwenye boti ya kwenda Dar, utamwimbia jirani yako njia nzima. Ni za nyumbani, usiku, watu wameshalala.

Haya, amplifaya.

Nianze na lile swali la Wete. Kile kiadapta kidogo cha Apple cha Taipu-C, cha kuchomekea hedifoni kwenye simu, kinatoa volti 1, ukipata toleo la kawaida, maana la Ulaya linatoa nusu yake. Volti 1 kwenye omu 250 za DT 990 ni miliwati 4. Volti ile ile kwenye omu 32 za HE400se ni miliwati 31. Hesabu ni ya shule: volti zidisha kwa volti, gawa kwa omu. Sasa DT 990 kiwandani wanaandika desibeli 96, yaani ukubwa wa sauti, kwa miliwati 1, HE400se wanaandika 91. Watu wanaona 91 wanasema hii ngumu, haitapiga bila ya mtambo mkubwa. Lakini ukishapiga hesabu, kwenye kiadapta kile HE400se inafika kama desibeli 106 na DT 990 inaishia kama 102. Ile inayoitwa ngumu ndiyo inayopiga zaidi! Tafauti ni kwamba HE400se inaomba mkondo mwingi na volti chache, na hawa wa omu 250 na 300 wanaomba volti, mkondo hawana haja nao. Amplifaya iliyoandikwa wati kubwa kwa omu 32 haijakwambia chochote kuhusu HD 600. Uliza volti zake ngapi.

Hili nalisema kwa uchungu. Mwaka jana nilinunua amplifaya kwenye duka moja, boksi limeandikwa wati kubwa kubwa, muuzaji kaniapia. Nimechomeka HD 600, naongeza, naongeza, sauti inafika mahali inaanza kukwaruza na bado haijatosha. Na inavuma, mmm, muda wote, hata wimbo ukisimama. Pesa zangu hazikurudi. Kwa hivyo nikiona wenzetu wa chaneli nyengine wanasoma wati za kwenye boksi tu halafu wanasema "nzuri, nunueni", roho inaniuma. Mtu kajinyima huko kakusanya pesa yake, mwambie ukweli.

Niliyonayo sasa ni JDS Labs Atom, ya Kimarekani, ilitoka mwaka 2018 kwa dola 99. Haina jambo. Sina la kuieleza sana, kwa sababu huisikii, unasikia hedifoni. Ukinzani wa tundu lake, yaani omu zilizomo kwenye tundu lenyewe la kuchomekea hedifoni, uko chini ya omu 1, na neno hilo la ukinzani wa tundu likamateni, tunalirudia. Ila tahadhari, tafadhali sana: kile kidude chake cha ukutani si kama chaja ya simu inayokubali umeme wa kila nchi. Ni transfoma. Ukiagiziwa na jamaa yako aliyeko Marekani akakuletea ya volti 120, ukaichomeka kwenye volti 230 zetu hapa, imekwisha. Schiit Magni, amplifaya nyengine, nayo ni hivyo hivyo. Mwambieni anunue ya volti 230 tangu mwanzo.

Amplifaya za valvu, zile zenye taa za kioo? Nazipenda kuziangalia. Kwa chumba hiki, mwezi wa pili, Kaskazi imepamba, feni imezimwa, halafu uwashe valvu zikupashe moto mezani, mie hapana.

Sasa hadithi ya stirio. Sebuleni kwetu kuna stirio ya baba, ile kubwa, kaja nayo mjomba kutoka Maskati kabla mie sijazaliwa. Ina tundu la hedifoni, lile jeki nene la milimita 6.35. Nikaingiza HD 600 kwa kujaribu tu, na besi ikaja! Lile besi la kusimama, lile la utotoni, likaja na tumbo lake. Kwenye Atom lipo, lakini jembamba. Nikadhani masikio yangu yanataka kunidanganya. Nikarudi Atom, jembamba. Stirio, nene.

Nikambeba mzee huyu, yaani stirio, mpaka kwa fundi redio, Mchangani. Kafungua kifuniko, vumbi la miaka, kanionesha kwa ncha ya bisibisi: "Tazama, mwanangu, tundu lako halina amplifaya yake. Linakula kwenye spika, kupitia hizi." Rezista mbili, vile vipande vidogo vya kuzuia umeme, moja ya kushoto moja ya kulia, milia ya machungwa, machungwa, kahawia. Omu 330. Kazipima kwa mita, kweli 330.

Hapo ndipo nikaelewa. HD 600 wanasema omu 300, lakini omu 300 si kila mahali. Kwenye besi, karibu na hezi 100, inapanda mpaka kama 500. Ukiwa na tundu lenye omu 330, volti zinagawanywa baina ya rezista na hedifoni, na penye omu nyingi hedifoni inapata fungu kubwa zaidi. Pigeni hesabu: pale kwenye 300 inapata chini kidogo ya nusu, pale kwenye 500 inapata asilimia 60. Hiyo ni desibeli 2 za besi, bure, kutoka kwa rezista ya shilingi chache. Kwenye Atom, omu yake haifiki 1, hakuna cha kugawana, kwa hivyo unasikia HD 600 kama ilivyotengenezwa.

Na HE400se kwenye stirio hiyo hiyo? Hiyo ni planari, kiwambo chake ni utando mwembamba wenye njia za umeme juu yake, umewekwa kwenye sumaku, na omu zake ni zile zile kuanzia besi mpaka juu. Volti inazopata pale ni kama fungu moja kati ya kumi na moja, nazungusha kitasa mpaka saa nane, lakini sauti yake haibadiliki hata chembe. Inapungua tu, ukiongeza inarudi. Nimerudia mara nne. HD 600 inabadilika mwili, HE400se inabaki vile vile.

Ndio maana nakwambieni, kabla ya kutuma pesa ya amplifaya nje, nendeni sebuleni mkaangalie stirio ya wazee. Volti za kuendesha omu 300 anazo, tena za kubaki.

DT 990 nimeisahau. Nayo ina volti za kuomba, Atom inaiendesha vizuri, na vile vitambaa vyake vya masikioni ndivyo laini kuliko vyote, na kwa joto hili ni neema. Lakini sauti za juu, jamani. Mwimbaji akitamka "s" inachoma kama sindano. Nilitaka kuwasikilizisha zile rekodi za Siti binti Saad, za Bombay mwaka 1928, na mikwaruzo ya santuri ikawa ndiyo mwimbaji, Siti kakaa nyuma yake. Na zile ni mono, upana hazina, hakuna hedifoni itakayokupa upana usiokuwemo. HD 600 inaituliza mikwaruzo, sauti ya Siti inasimama mbele, ile sauti kavu yenye nguvu. Ingawa, niseme haki, fidla zikipigwa tano pamoja DT 990 inazichambua moja moja kuliko hizi nyengine. Nilikuja na nia ya kuisema vibaya sana hii, na bado kwa kukaa nayo saa mbili siiwezi, lakini kwa anayerekodi na kutafuta makosa inamfaa.

Bei. HE400se ilitoka kwa dola 149, ikashuka, iliwahi kupatikana mpaka kama 109, na kwa pesa hiyo sijaona mpinzani wake. Uzito ndio tatizo, gramu 390, HD 600 ni 260, na shingo inajua. HD 600 ni ghali, lakini iko sokoni tangu mwaka 1997 na kila kipande unakinunua peke yake, waya, sponji, dreva. Kwetu sie tulio na upepo wa chumvi hilo ni kubwa. Jeki zangu zinashika ukungu wa kijani kila baada ya miezi michache, nazifuta kwa spiriti, na hedifoni zinalala kwenye boksi na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu. Msivitupe vile.

Sasa nitumie ipi? Nilipoanza kurekodi nilikuwa nimeshaandika kwenye karatasi: HD 600 na Atom, kwisha. Lakini wiki nzima hii, kila usiku, mie nakwenda sebuleni. Atom ni sahihi, mita inasema ni sahihi, na kwa kazi ya kurekodi natumia hiyo. Kwa taarab natumia stirio. Desibeli 2 zile ziko pale pale kwenye besi la kusimama, na bila ya lile besi, mie sijakaa kwenye mkeka.

Ijumaa ijayo, inshaallah, nina mikanda ya kaseti ya baba ya mazoezi, nataka kuihamisha kwenye kompyuta mbele yenu, kwa hivyo bonyezeni kengele. Na nyie wenye stirio za zamani, fungueni kifuniko, umeme umechomolewa na si chini ya saa nzima umepita, mnisomee rangi za rezista zilizo karibu na tundu la hedifoni, mniandikie hapo chini na jina la stirio. Wete, Mkoani, Makunduchi, wote. Feni nairejesha sasa, siwezi tena.