Rasta za kununua, na kwa nini nakushauri uzipime kwa mizani

Ikikaribia Idi au Krismasi napokea swali moja kwa sura tofauti: "Dada, rasta gani nzuri?", yaani zile nywele bandia za kusukia. Safari hii limekuja na hasira. Msomaji mmoja wa Mbagala alinunua pakiti nne, jina moja na rangi moja, mbili kwenye duka la karibu na kwake, mbili palepale saluni. Msusi alipofika katikati ya kichwa akamwambia hazitoshi. Dada wa watu akanitumia picha ya pakiti mbili alizozilaza kitandani ubavu kwa ubavu. Moja unaishika kwa kiganja kizima, nyingine inaingia kwenye pete ya vidole viwili. Bei ni ileile. Nikaigusia habari hiyo kwa wasomaji wengine, na kumbe wengi walikuwa wanaugulia kimyakimya.

Miongozo mingi ya kununua rasta hukuambia uangalie rangi, urefu na mng'ao. Hayo unayajua. Namba 1 ni nyeusi tii, 1B weusi wake umepoa kidogo na ndiyo inayofanana na nywele za wengi wetu, 27 na 30 ni za anayetaka aonekane toka ng'ambo ya barabara, 99J ni damu ya mzee. Kuhusu urefu nina neno moja tu. Ukiona pakiti imeandikwa inchi 82, hiyo ni nywele iliyokunjuliwa. Pale katikati imefungwa, na msusi ataikunja hapohapo, kwa hiyo mgongoni unapata 41, tena kabla hajachana ncha na kutupa zinazotoka. Muuzaji anayeinyoosha mpaka sakafuni mbele yako anajua anachofanya.

Kitu ambacho sijawahi kumsikia mtu anakiuliza dukani ni gramu.

Geuza pakiti uliyonayo hapo nyumbani uangalie. Nyingi zina picha ya mrembo, namba ya rangi, maneno ya kujisifu kwa Kiingereza, basi. Mangi akikupunja gramu hamsini kwenye kilo ya sukari mtaa mzima utapata habari kabla ya magharibi. Rasta tunanunua kwa macho, tunabonyezabonyeza plastiki kama tunachagua parachichi, tunalipa.

Nina mizani ndogo ya jikoni niliyoinunua kwa ajili ya unga wa keki. Siku hizi inapima rasta kuliko unga. Natoa plastiki, natoa kikadi cha juu, kwa sababu kile kikadi nacho kina uzito wake, nabakiza nywele na lastiki yake. Pakiti moja isiyoandikwa uzito, jina lake nalihifadhi, ilisoma 71. Ndugu yake wa rafu ileile, jina lilelile, bei ileileile, ikasoma 88. Ukinunua sita za namna ya kwanza umebeba gramu 426. Sita za namna ya pili ni 528. Tofauti hiyo ya gramu 102 ni zaidi ya pakiti nzima. Sasa unaelewa kwa nini mara ya mwisho zilitosha tano na juzi zikaenda saba, ukarudi nyumbani unamsema msusi kwamba kaficha moja kwenye droo.

Uzito huo una upande wa pili, nao ndio unaonifanya nisiuachie: kichwa. Pakiti tatu za gramu 165 ni gramu 495. Hiyo ni nusu kilo pungufu ya gramu tano, inaning'inia kwenye nywele zako za asili usiku na mchana, wiki sita, nane, na wapo wanaovusha miezi mitatu. Ukiziosha ndiyo usiseme, maji yanakaa kati ya nyuzi na shingo inakukumbusha. Mtindo wa knotless, yaani usio na fundo, umetusaidia kwa sababu msusi huanza na nywele yako mwenyewe na kuongeza rasta kidogokidogo, hivyo shina halibebi fundo tangu siku ya kwanza. Lakini ukifika kiunoni na rasta mia na kitu, jumla ya mzigo ni ileile.

Profesa Nonhlanhla Khumalo wa Chuo Kikuu cha Cape Town, daktari wa ngozi aliyeyafanya matatizo ya nywele za Kiafrika kuwa kazi ya maisha yake, yeye na wenzake waliwachunguza wanawake wa Cape Town, wakakuta karibu thuluthi moja wana upara wa kuvutwa, yaani zile nywele za mbele na za juu ya masikio zinazorudi nyuma mwaka hadi mwaka. Walikuta pia kwamba hatari hupanda zaidi nywele zenye dawa ya kulainisha zinapovutwa. Kwa hiyo shoga yangu mwenye dawa, nakusihi, namba yako ya gramu iwe ndogo kuliko ya mwenye nywele asilia. Na ukitoka saluni huwezi kucheka, umetoka vipele vidogo kwenye paji, umemeza Panadol ndipo ukalala, hapo hakuna cha kuzoea. Najua msemo: ukitaka uzuri sharti udhurike. Aliyeusema hakusukwa kwa nusu kilo.

Basi nazipanga hivi, na kigezo changu kikuu umeshakijua.

Ya kwanza: X-pression Ultra Braid

Naipendelea na sifichi. Pakiti imeandikwa gramu 165, naweza kupiga hesabu kabla sijatoka nyumbani. Mbili zinatosha rasta za kati za mabegani, ya tatu ni ya kushuka mgongoni. Nyuzi zake ni Kanekalon, uzi wa kampuni ya Kaneka ya Japani uliokuwepo sokoni tangu 1957, wa jamii ya modakriliki. Ukiutia maji ya moto unakaa vile ulivyokunjwa, na ukisogezwa kwenye moto haulipuki ukaendelea kuwaka kama plastiki nyingine. Unaposhika unahisi ukavu fulani, una mikwaruzo kidogo kama nywele iliyopigwa blow dry. Wanaopenda rasta zinazoteleza hawautaki. Mimi nautaka kwa sababu unashika. Msusi halazimiki kukaza mpaka macho yabadilike ili rasta isichomoke.

Shida yake ni umaarufu. Feki zimejaa, na zinaigwa mpaka maandishi ya pakiti. Watu wana vipimo vyao: harufu, stika, alama ya kung'aa. Mimi nina mizani. Anayetengeneza feki ataiga plastiki yote atakavyo, lakini kukujazia gramu 165 za nywele ni gharama, na hapo ndipo huwa anakwepa.

Sitaki mapenzi yanizibe mdomo pia. Februari 2025 jarida la Consumer Reports la Marekani lilitoa matokeo ya kupima bidhaa 10 za rasta za plastiki za majina yanayojulikana. Zote zilikutwa na kemikali zinazohusishwa na saratani, na 9 zilikuwa na madini ya risasi. Hakuna jina kubwa la kujificha nyuma yake. Wengi huloweka rasta kwenye maji na siki kabla ya kusuka ili zisiwashe, nami naloweka, nasuuza, naanika usiku kucha. Hilo linasaidia muwasho na harufu. Sitakudanganya kwamba linaondoa risasi. Ni sababu nyingine ya kubeba gramu chache, na ya kukaa nazo wiki chache.

Ya pili: Darling

Sifa kubwa ya Darling ni kwamba ipo. Kariakoo ipo, Tandahimba ipo, kwenye kibanda cha vocha kando ya barabara kuu unaikuta imening'inizwa pamoja na soksi. Jina hili limekua zaidi tangu kampuni ya Godrej ya India iliponunua asilimia 51 ya kundi la Darling mwaka 2011. Ni laini kuliko ile ya kwanza na inapendeza kwa mtoto wa shule anayesukwa likizo.

Angalizo langu: "nipe Darling" si agizo. Chini ya jina hilo kuna aina nyingi, za kusuka, za kutwisti, za dredi, na kila moja ina ujazo wake. Mtu akikuambia "mimi nilitumia Darling nne zikatosha", muulize Darling ipi. Hesabu ya aina moja haihamii kwenye nyingine.

Ya tatu: Angels

Ni ya majirani zetu wa Kenya, na Arusha na Moshi ina wapenzi wake sugu. Kwa kutwisti naiweka juu ya Darling. Kwa rasta ndefu nyembamba, hapana. Sina zaidi.

Zilizochanwa ncha tayari

Hizi ni kundi, zinatoka kwa majina mengi. Zimekuja zikiwa zimevutwa na kupunguzwa ncha ili msusi asipoteze saa nzima anachomoa nyuzi na kuzitupa. Nazipenda kwa sababu ulicholipia karibu chote kinaingia kichwani, kwenye zile za kawaida kuna rundo linalobaki sakafuni na kufagiliwa na pesa yako ndani yake. Ila pakiti zake mara nyingi ni ndogo na bei inapanda, kwa hiyo gawanya bei kwa gramu kabla hujashawishika. Shilingi kwa gramu, kama unavyofanya na unga wa ngano wa kilo mbili na wa kilo moja.

Za bei poa

Zile zisizo na jina zinazowekwa kwenye mafungu, nitasema machache. Zamisha nyuzi kadhaa kwenye glasi ya maji, zikamue hewa kwa vidole, uziachie. Zikirudi juu kuelea, hiyo ni polipropilini, plastiki inayofumiwa viroba vya mchele. Ni nyepesi kichwani, nakubali, lakini nilizowahi kusukia ziling'aa vibaya na ncha zilifumuka kwa muda mfupi. Kama pesa ni ya kubana kweli, suka twende kilioni kwa nywele zako mwenyewe, au funga mabutu kwa uzi. Utapendeza na kichwa kitapumua.

Sasa kuhusu bei

Wauzaji wanasema ni dola. Zamani walisema ni kodi, na hapo hawakuwa wanasingizia. Juni 2019 Waziri wa Fedha wa wakati huo, Dkt. Philip Mpango, alipendekeza bungeni ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 kwa nywele bandia zinazotengenezwa nchini na asilimia 25 kwa zinazotoka nje. Bajeti hiyohiyo ilirudisha VAT kwenye taulo za kike, mwaka mmoja tu baada ya kuiondoa. Baadhi ya wabunge walicheka na kupiga makofi, baadhi ya wanaume mitandaoni wakasema afadhali, tutaona nywele za asili. Sawa. Ila anayepandishiwa bei si mrembo wa kwenye picha peke yake. Kuna msusi wa kibarazani ambaye mteja akishamaliza pesa kwenye rasta, anakuja kumkata kwenye ufundi.

Ninachowadai wauzaji hakihusu ushuru. Bei ikipanda nitanung'unika na nitalipa. Kinachonikera ni bei kubaki palepale na nywele kupungua ndani ya plastiki, halafu nikiuliza naambiwa, "Dada, hizi ndizo zilizokuja." Nilimwomba muuzaji mmoja wa Mtaa wa Kongo anipimie pakiti mbili kwenye mizani aliyokuwa nayo hapohapo kaunta, ya kupimia vifurushi vya mikoani. Akaniuliza kama nimekuja kununua rasta au nyama. Wateja wengine wakacheka. Nikachukua mzigo wangu wa siku hiyo duka la pili yake, ambako kijana alikubali kupima, na kwa udadisi wake akajikuta anapima rafu nzima.

Ukienda, usiagize pakiti. Agiza gramu. Kwangu mimi, nywele asilia, rasta za kati za mgongoni, sivuki 400. Mwenye dawa au aliyeanza kupungukiwa mbele abaki 300 na akubali kuishia mabegani. Wanaotaka kiunoni wanajua wanakokwenda. Ukinunua X-pression tatu kwa lengo la 400, kuna gramu 95 zinabaki, zaidi ya nusu ya pakiti. Hizo ni zako. Zichukue msusi hajazitia kwenye droo, zifunge na lastiki yake, uandike namba ya rangi kwenye plastiki kwa kalamu ya wino mzito, maana 1 na 1B zikishatoka kwenye pakiti hutazitofautisha usiku kwenye taa ya saluni. Baada ya wiki tatu, zile za mbele zikianza kuchakaa, ndizo utakazorudishia.